Mtoto Anapopumua kwa Mlio: Si Kila Mara ni Kilimi

  

Leo ninataka tuongee juu ya pumzi ya mtoto mchanga. Mimi si daktari, mnanijua, mimi ni mwalimu wa kujitolea tu, wa darasa la sita. Lakini kwa sababu ninajua Kiingereza kidogo, mtu wa bloku yetu akipewa transferi ya kwenda hospitali kubwa ananiita nimtafsirie. Ndivyo nilivyojikuta mwaka jana nimekaa siku nne katika wodi ya watoto pamoja na mama jirani yangu, baba watoto, na binti yao wa miezi mitatu. Mama huyo amenikubalia niandike habari yake, ila jina lake na la mtoto tunayaacha.

Binti huyo alizaliwa vizuri, akalia kama watoto wengine, akanyonya. Kwa mwezi mzima hakuwa na shida yoyote. Ilipofika wiki ya sita hivi akaanza kutoa mlio akivuta hewa. Haukuwa mlio wa mafua. Ulikuwa kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika, na usiku ukizidi sisi majirani tuliusikia kupitia turubai. Wakampeleka zahanati, wakapewa dawa ya nimonia. Dawa ikaisha, mlio upo. Wakarudi, wakapewa nyingine. Mara ya tatu mtoto alichomwa sindano, na kweli alitulia siku tatu, tukafurahi wote. Siku ya tano mlio ukarudi, tena umeongezeka.

Hapo nyanya yake akasema: “Hii si nimonia. Hii ni kilimi. Akatwe.”

Kilimi sisi wote tunakijua. Ni kile kinyama kidogo kinachoning’inia nyuma ya kinywa. Kwetu Kongo, Burundi, Rwanda, na hata Tanzania ambako wengi wanakiita kimeo, mtoto akikohoa sana au akikataa kunyonya watu wanasema kilimi kimekuwa kirefu, kinamziba. Basi anatafutwa mzee mwenye wembe. Mimi simcheki nyanya. Mimi mwenyewe nilikatwa nikiwa mchanga, mama aliniambia. Kila mtu anafanya alichofundishwa na waliomlea, na mtu ambaye hajalala kwa wiki tatu anatafuta mkono wowote wa kumshika.

Aliyezuia jambo hilo ni mhudumu wa afya wa zoni yetu, dada mmoja asiyeongea sana. Alikuja jioni, mzee wa wembe ameshaahidiwa kuku wake. Akamfungua mtoto nguo, akamtazama kifua, halafu akainua kidevu taratibu. Chini ya kidevu palikuwa na alama kama punje ya kunde, imetuna kidogo, rangi ya zambarau iliyokolea. Akauliza, “Mama, hii ilianza lini?” Mama akajibu kwamba ilianza kama mahali palipoumwa na mbu, mtoto akiwa na wiki mbili tatu, ikawa inakua polepole. Hakuna aliyekuwa ameijali. Nani atajali alama ya ngozi wakati mtoto anashindwa kupumua? Dada yule akasema, “Kesho asubuhi tunatafuta barua ya rufaa. Na huyo kuku mumpike.”

Sasa nitawaeleza nilichotafsiri kule wodini. Nilimwomba daktari arudie mara mbili mbili, kwa sababu ukitafsiri vibaya habari ya mtoto wa watu hutapata usingizi.

Ile alama ya kidevuni inaitwa hemanjioma. Ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu iliyozaliana kupita kiasi mahali pamoja. Si kansa. Hausambai mwilini kama kansa. Tabia yake ni ya ajabu kidogo: mara nyingi mtoto anazaliwa hana kitu au ana doa tu, halafu katika wiki za kwanza uvimbe unaanza kukua, unakua haraka kwa miezi mitano ya kwanza hivi, kisha unasimama na kunywea wenyewe pole pole kwa miaka kadhaa. Unawapata watoto wa kike zaidi kuliko wa kiume, na watoto waliozaliwa njiti zaidi kuliko waliotimiza miezi. Ukiwa mgongoni au mguuni, mara nyingi madaktari wanauacha tu upite. Kwenye ngozi nyeupe unaonekana mwekundu kabisa. Kwa ngozi yetu sisi unaweza kuwa zambarau au mweusi-mweusi, kwa hiyo usitafute wekundu tu, papasa na kidole: unakuwa laini, umetuna.

Shida ni pale uvimbe wa namna hiyo unapoota ndani ya njia ya hewa. Mahali unapopenda kukaa ni chini kidogo ya nyuzi za sauti, na hapo ndipo bomba la hewa la mtoto mchanga lilipo jembamba kuliko kote. Daktari alituambia kwamba watoto wenye alama hizi sehemu ya ndevu, yaani mashavuni mbele ya masikio, kidevuni, mdomo wa chini na mbele ya shingo, ndio wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu wengi wao wana uvimbe mwingine ndani. Lakini wako pia watoto wenye uvimbe wa ndani ambao ngozi yao ni safi kabisa. Hakuna alama haina maana hakuna shida.

Niliporudi nilifanya hesabu hii na darasa la sita ubaoni, na ninyi wazazi ifanyeni. Njia ya hewa ya mtoto mchanga mahali pale ina upana wa kama milimita 4. Sasa chora duara la milimita 4, ndani yake chora la milimita 2, maana kuta zikivimba milimita 1 tu kila upande ndiyo nafasi inayobaki. Watoto walidhani imebaki nusu. Kumbe imebaki robo! Na kazi ya kuvuta hewa kupita hapo haiongezeki mara nne tu, inaongezeka mara kama 16. Mtu mzima akivimba milimita moja kooni anakohoa kidogo anaendelea na kazi. Mtoto anapigania maisha. Ule mlio wa jogoo ni hewa inayolazimishwa kupita kwenye tundu dogo.

Na kilimi je? Kilimi kiko juu, nyuma ya kinywa. Uvimbe uko chini, ndani ya koo la hewa, mahali ambapo wembe wa mzee hauwezi hata kufika. Ukikata kilimi, mlio unabaki vile vile, na umemwongezea mtoto kidonda kinachotoa damu, ambayo inaweza kuingia kwenye hiyo hiyo njia iliyoziba. Pepopunda nayo inaingia kwa wembe wa namna hiyo. Daktari alisema jambo hili bila hasira, akimtazama nyanya, nami nilimtafsiria nyanya bila hasira. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Basi ile sindano iliyomtuliza ilikuwa nini?” Swali zuri sana, hata daktari alicheka. Ile sindano ilikuwa ya jamii ya steroidi. Inapunguza uvimbe kwa siku chache, ndiyo maana mtoto alipata nafuu, na ndiyo maana mtu anaweza kudhani ni ugonjwa wa koo wa kawaida umepona. Unapoisha nguvu yake, uvimbe upo pale pale.

Mtoto alilazwa usingizi wa dawa, wakaingiza bomba jembamba lenye taa na kamera kupitia kinywani, wakaona. Baba alionyeshwa picha kwenye kioo: kitu cha mviringo, laini, kimekaa upande mmoja wa bomba la hewa na kuacha upenyo mdogo kama mwezi mchanga.

Hapo ikaja habari ya leza. Baba watoto ana kaka yake yuko Marekani, alienda kwa mpango wa makazi mapya. Usiku ule wakaongea kwa simu, na kaka akasema kule uvimbe kama huo unachomwa kwa mwale wa leza, dakika chache umekwisha, wasikubali kitu kingine. Asubuhi baba akaja ameamua: atauza mashine ya kushona, atachangisha watu wa bloku, aitafute nchi yenye leza. Hospitali tulikokuwa haikuwa na leza ya koo. Mama analia. Mimi katikati, ninatafsiri.

Daktari akavuta kiti. Hakusema leza ni uongo. Alisema ni kweli, na alieleza, nami baadaye nilisoma zaidi ili nisiwaandikie uvumi.

Leza ni mwanga uliokusanywa ukaenda njia moja, kwa rangi moja, ukiwa na nguvu nyingi mahali padogo. Ya kwanza iliwaka mwaka 1960 kule California, mikononi mwa Theodore Maiman. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akatengeneza leza ya hewa ya kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Mwale wake hauonekani kwa macho, lakini maji yanaunyonya sana. Na nyama ya mwili ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mwale ukigusa nyama, maji yanachemka palepale na nyama inageuka mvuke, bila kwenda ndani sana, na vijishipa vidogo vinajifunga bila kutoa damu nyingi. Madaktari wa Boston, Stuart Strong na Geza Jako, wakaufunga kwenye darubini ya upasuaji na mwaka 1972 wakaandika jinsi ya kutibu koo kwa njia hiyo. Mwaka 1980 Gerald Healy na wenzake wakatoa taarifa ya kuutumia kwa watoto wachanga wenye hemanjioma ya kooni.

Kwa wakati ule ilikuwa neema kubwa. Kabla ya hapo watoto wengi waliwekewa tundu shingoni, wakapumua kupitia bomba la shingo mwaka mmoja au zaidi mpaka uvimbe unywee wenyewe. Wazazi wanasafisha bomba usiku na mchana, mtoto hatoi sauti ya kulia. Fikirini maisha hayo hapa kwetu, na vumbi hili. Leza iliwaondolea watoto wengi bomba hilo. Upasuaji wote unapita kinywani, shingo haikatwi.

Lakini moto ni moto. Leza ndani ya koo, ambapo kuna hewa ya oksijeni na mipira ya kupumulia, inaweza kuwasha moto ndani ya mtoto. Ndiyo maana wanafunika macho na uso wa mtoto kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, kila mtu chumbani anavaa miwani, na mtu wa dawa ya usingizi anapunguza oksijeni kabla mwale haujawashwa. Na hatari ya pili ni ya baadaye: ukichoma kuzunguka bomba lote, kovu linakaza, na njia inakuwa nyembamba kwa maisha yote kuliko hata uvimbe ulivyoifanya. Daktari mwenye ujuzi anachoma kidogo na kuacha kidogo. Kwa hiyo mtoto wengine wanarudishwa mara mbili, tatu, nne. Si dakika chache umekwisha, kama kaka alivyosema kwenye simu.

Halafu mwaka 2008 mambo yakageuka, na yaligeuka kwa bahati. Kule Bordeaux, Ufaransa, mtoto mmoja mwenye hemanjioma ya puani alikuwa akipewa steroidi, moyo wake ukapata shida. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake wakampa propranololi, dawa ya zamani ya moyo, iliyotengenezwa tangu miaka ya 1960 na kikundi cha James Black wa Uingereza. Waliitoa kwa ajili ya moyo tu. Siku iliyofuata uvimbe wa pua ukawa umebadilika rangi na kulegea. Wakaijaribu kwa wengine, na taarifa yao ya mwezi wa 6 mwaka 2008 ilikuwa na watoto 11. Mwaka 2015 ukatolewa utafiti mkubwa wa watoto 460 wenye uvimbe wa aina hii. Kati ya waliopewa dawa kwa kiwango cha juu kwa miezi sita, uvimbe ulikwisha au karibu kwisha kwa watoto 60 katika kila 100. Kwa waliopewa maji matupu yasiyo na dawa, ilikuwa 4 katika 100. Utafiti huo haukuwa wa koo, lakini kwa hemanjioma ya koo pia madaktari sasa wanaanza na propranololi, na leza au kisu vinangoja pale dawa isipotosha.

Daktari akamwambia baba: “Mashine yako ya kushona usiuze. Kama tungekuwa na leza hapa chumba cha pili, bado ningeanza na dawa hii.”

Baba hakuamini mara moja. Nilimwona. Mtu aliyezoea kwamba kizuri kiko mbali, akiambiwa cha kwake kiko dukani hapa anahisi anadanganywa. Alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kibembe, “Mwalimu, wanatupa hii kwa sababu sisi ni wakimbizi?” Nikamwonyesha yale niliyosoma. Watoto wa Marekani wanapewa hiyo hiyo. Marekani yenyewe iliiruhusu rasmi kwa watoto mwaka 2014.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninaogopa makala yangu isije ikaua mtoto. Propranololi ipo kwenye maduka ya dawa kama vidonge vya watu wazima wenye presha. MSINUNUE mkasaga. Mtoto mchanga anapimwa uzito, anasikilizwa moyo na mapafu, anaanzishwa kidogo kidogo huku akichunguzwa. Dawa hii inapunguza mapigo ya moyo na inaweza kushusha sukari ya damu mpaka mtoto azimie. Haipewi na tumbo tupu: ananyonya kwanza au anapewa wakati wa kunyonya. Akitapika, akiharisha sana, au akikataa ziwa, dozi hiyo inarukwa na mnakwenda kuuliza. Mtoto anayekoroma kifuani kama mwenye pumu anaweza asifae kabisa. Mama jirani yangu alifundishwa haya siku nne, mpaka akamwimbia nesi yote bila kukosea, ndipo akaruhusiwa kurudi. Na hakuiacha dawa mlio ulipokwisha. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kumpa dawa mtoto ambaye anaonekana mzima, miezi na miezi.

Niseme kidogo juu ya uvimbe mwingine wa kooni usio kansa, maana watu wanauchanganya. Huo unaitwa papiloma. Ni kama sugu ndogo ndogo zinazoota kwenye nyuzi za sauti, zinazoletwa na virusi vya HPV aina ya 6 na 11, na mara nyingi mtoto anavipata kwa mama wakati wa kuzaliwa bila mama kujua. Dalili ya kwanza kawaida ni sauti kukauka, mtoto analia bila sauti, na wengi wanaonekana wakiwa na miaka miwili hadi minne. Propranololi haisaidii hapo. Huko leza imetumika sana, siku hizi pia kichombo kinachozunguka na kufyonza, lakini virusi vinabaki na sugu zinarudi, kuna watoto wamepasuliwa mara nyingi mno. Kinga yake ni chanjo. Australia ilianza kuchanja wasichana mwaka 2007, na ugonjwa huo kwa watoto ukapungua sana, kwa sababu chanjo waliyotumia inazuia na hizo aina mbili. Hapa Uganda chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Kwa hiyo manesi wakija shuleni, wababa, msiwafiche mabinti nyumbani. Nimeshaona madawati matupu siku hiyo.

Turudi kwa wachanga. Si kila mlio ni uvimbe, msikimbie wote kesho asubuhi na kujaza zahanati. Mlio unaotokea zaidi kwa wachanga unaanza siku za kwanza au wiki mbili za kwanza, unazidi mtoto akilala chali au akinyonya, na unatoka kwenye nyama laini za koo ambazo bado hazijakaza. Wengi wanaukua wakifika mwaka mmoja na nusu au miwili. Na pua ya mafua inajulikana. Mlio wa kutilia mashaka ni ule ambao haukuwepo alipozaliwa, ukaanza baada ya wiki kadhaa, kila wiki unaongezeka, unatulia na sindano halafu unarudi. Huyo mwambie mhudumu maneno haya haya: “Alizaliwa kimya. Mlio ulianza wiki fulani. Amepona mara ngapi na kurudi mara ngapi.” Andika tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Na mvue nguo zote, mwonyeshe alama yoyote ya ngozi hata kama wewe unaiona ni ya mbu.

Lakini usingoje asubuhi kama kifua kinabonyea kila akivuta hewa, shimo linaingia juu ya mfupa wa kifua au katikati ya mbavu. Kama ulimi na ufizi vimekuwa vya bluu au kijivu. Kama ameshindwa kunyonya kwa kukosa pumzi. Au kama alikuwa na mlio mkubwa akawa kimya na kulegea. Huyo wa mwisho anadanganya wengi, wanadhani amepata usingizi. Amechoka kupigana. Mbebe wima, usimlaze, gonga mlango wa mwenye pikipiki, tutalipana baadaye.

Binti wa jirani yangu siku ya tatu ya dawa mlio ulipungua, wiki ya pili sisi majirani tulilala. Leza hakuihitaji. Leo anatembea kwa kushika ukuta, na ile kunde ya kidevuni imekuwa doa la kijivu. Mashine ya kushona bado iko mlangoni pa baba yake, mwezi huu anashona sare za shule. Nyanya ameniomba niandike kwamba kuku alikuwa mtamu.

Mwenye mtoto mwenye mlio na anayehitaji mtafsiri, mimi nipo shuleni mpaka saa nane mchana, baada ya hapo niko bloku yangu. Mje na kadi ya kliniki.